Meno ya sungura na simbilisi: dawa ni nyasi, si koleo

Kila nikishuka Mombasa kutoka huku Kakamega ninakofanya kazi, hapakosi mtu wa kuniuliza habari za sungura wa watoto. Swali huja kwa namna moja: chakula kimejaa sahanini, mnyama anakisogelea, ananusa, anarudi nyuma, na kila siku anakonda. Wenyewe wameshampa dawa ya minyoo, wameshambadilishia banda, wengine wameshasema ni jicho la mtu. Mimi si daktari wa mifugo, nina stashahada ya kilimo tu, lakini jibu langu la kwanza huwa lile lile. Mwangalieni mdomo.

Nianze na mnyama wa pili, maana kwa Pwani wengi hawamjui kwa jina. Simbilisi ni yule mdogo wa mviringo asiye na mkia, mwenye sauti ya mluzi, ambaye watoto wa Kakamega humwita ginipigi. Kwao asili ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Kivu, mashariki mwa Kongo, familia nyingi humfuga jikoni kwa ajili ya kitoweo, kwa sababu hahitaji mtaji wala nafasi, na wakati wa vita ni rahisi kumficha kuliko mbuzi. Kakamega humwona zaidi mikononi mwa watoto. Mtoto ana sungura mmoja, au simbilisi wawili kwenye kizimba cha mbao na waya nyuma ya nyumba, na siku hizi nawaona hata Bamburi na Malindi.

Sasa meno. Jino la mtu likishaota limeota, likilika, basi. Jino la simbilisi halikomi kukua mpaka siku ya kufa kwake. Ana meno 20, na yote hukua, ya mbele na magego. Sungura ana 28, nayo vile vile hukua yote. Panya na hamsta wana 16, lakini kwao yanayokua maisha yote ni yale manne ya mbele tu, magego yao hutulia. Tofauti hiyo ni kubwa, nami nitairudia. (Sungura, kwa wapendao elimu, hahesabiwi katika kundi la panya. Tangu 1912 wataalamu walimtenga katika kundi lake. Mtazame kwa karibu utaona nyuma ya meno yake mawili ya juu kuna mengine mawili madogo kama vijiti. Panya hana hayo.)

Jino la mbele la sungura hurefuka kama milimita 2 au zaidi kwa wiki. Piga hesabu ya mwaka mzima: zaidi ya sentimita 10. Mnyama mwenye afya hatumuoni na pembe mdomoni kwa sababu kila linachokua hulika. Jino la mbele la panya na jamaa zake lina gamba gumu upande wa nje, na nyuma ni laini zaidi. Nyuma hulika upesi, mbele hubaki na ncha, na hivyo jino hujinoa lenyewe kama patasi ya seremala. Ukimwona panya ana meno ya rangi ya machungwa usifikiri ni uchafu, ndiyo rangi yake ya afya. Ya simbilisi na sungura huwa meupe.

Ikiwa meno hujinoa, tatizo liko wapi? Liko nyuma, mahali usipopaona. Kati ya meno ya mbele na magego kuna pengo refu, na magego yamejificha ndani ya mdomo mwembamba usiopanuka. Ukimfunua midomo utaona manne ya mbele yamekaa vizuri, useme alhamdulillahi, kumbe ndani magego yameshatoka ncha. Kwa sungura, ncha za magego ya chini huelekea ulimi na za juu huelekea shavu. Kwa simbilisi ni vibaya zaidi, kwa kuwa magego yake yamelala kwa mshazari. Yasipolika, yale ya chini huinamiana juu ya ulimi kama daraja, na ulimi ukafungwa chini yake. Mnyama anataka kula, anaweza hata kukiokota chakula, lakini hawezi kukirudisha nyuma akakimeza. Anakufa njaa mbele ya sahani.

Watu wengi wakisikia habari hii hukimbilia kumtupia mnyama kijiti aguguna, na wauza vyakula vya mifugo nao watakuuzia jiwe la chumvi. Kijiti ni kizuri, nitakisema mbele. Lakini kijiti huguguniwa kwa meno ya mbele. Hakifiki kwenye magego. Linalosaga magego ni nyasi, na hakuna badala yake. Ndani ya jani la nyasi mna chembechembe za silika, ambayo ni jamaa ya mchanga. Mwenye kukata nyasi kwa kisu anajua jinsi makali yanavyopotea upesi. Tena jani la nyasi ni refu, lina nyuzi, halimezeki mpaka litafunwe mara nyingi, taya likienda na kurudi. Saa nyingi za kutafuna kila siku ndizo zinazoweka magego sawa. Peleti, mkate, ugali na karoti havina kazi hiyo. Mnyama huviponda mara chache akameza, tumbo limejaa na meno hayajafanya kazi.

Hapa ndipo Kakamega panaponishangaza. Mvua huku ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyasi ni kijani Januari hadi Desemba, kandokando ya kila shamba kuna nepia imepandwa kwa ajili ya ng'ombe. Ungetarajia sungura wa Kakamega awe na meno bora kuliko wote nchini. Lakini sungura na simbilisi wa kufuga kwa mapenzi hawalishwi kama ng'ombe. Wanalishwa kama wageni. Mtoto akitoka shule anampa kipande cha mkate, mama akipika anatupa majani ya sukuma wiki, jioni ugali uliobaki, na kwa kuwa hii ni nchi ya miwa, Mumias iko hapa hapa kaunti, kila mara kuna kipande cha muwa. Muwa una nyuzi, ni kweli, lakini una sukari nyingi, na sukari huvuruga tumbo la wanyama hawa. Nyasi zimejaa nje ya ua, na ndani ya kizimba mna mkate.

Mwaka juzi jirani yangu aliniita uani kwake. Binti yake wa miaka 9 alikuwa na simbilisi mweupe mwenye kiraka cheusi jichoni. "Jirani," akaniambia, "huyu siku ya nne hali, na meno yameanza kutokeza nje. Nimempeleka pale wanapouza dawa za mifugo, wakamkata." Walimkata kwa koleo. Jino moja la mbele lilikuwa limepasuka kwa urefu mpaka kwenye fizi, na kidevu kimelowa udenda. Tulimpata daktari wa mifugo kesho yake, akamfungua mdomo kwa kile chombo chenye taa cha kutazamia masikio, na akatuonyesha daraja la magego juu ya ulimi. Meno ya mbele hayakuwa ugonjwa. Yalikuwa yamerefuka kwa sababu mnyama alikuwa ameacha kutafuna. Alisaga magego, akampa dawa ya maumivu, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Alikufa siku ya pili. Yule binti alikuwa amemlisha kila siku bila kukosa, mkate uliotiwa maziwa, kwa sababu ndicho alichokuwa akikipenda.

Basi tuseme wazi kuhusu koleo, mkasi na kikata kucha. Meno haya yana nyuma ngumu kiasi na mbele ngumu zaidi, na chombo cha kubana hulipasua badala ya kulikata. Ufa ukifika kwenye mzizi hufungua njia ya vijidudu, usaha ukaanza ndani ya taya, na usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hautoki kwa kukamuliwa. Daktari hutumia kichongeo kidogo kinachozunguka, kama cha daktari wa meno ya watu, na kwa magego humlaza mnyama kwa dawa. Ni gharama, nakubali, na si kila daktari wa mifugo aliyezoea ng'ombe atakuwa na chombo hicho. Piga simu kwanza uulize kabla ya kubeba mnyama kwenye boda boda mpaka mjini. Uliza maneno mawili tu: je, mnatibu sungura, na je, mna kifaa cha kuchongea meno?

Na ukishafika, ama ukiwa kwenye duka la dawa, jihadhari na jambo moja ambalo limeua wanyama wengi. Dawa za jamii ya penisilini na amoksilini, ambazo kwa ng'ombe ni za kawaida, hazifai kumnywesha sungura wala simbilisi. Huua bakteria wema wa tumboni, wabaya wakachukua nafasi, na mnyama hufa kwa kuhara baada ya siku chache. Simbilisi huweza kudhurika hata kwa sindano yake. Muuzaji akikwambia "mpe kidogo tu," ondoka.

Simbilisi ana udhaifu mwingine unaogusa meno, na huu anashirikiana na sisi wanadamu. Mwili wake hautengenezi vitamini C. Sungura hutengeneza yake, panya hutengeneza yake, hata mbuzi. Sisi na simbilisi hatuwezi. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich, Wanorwe wawili, waliwalisha simbilisi nafaka peke yake wakawaona wakipata kiseyeye, ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwamaliza mabaharia, fizi zikivuja damu na meno kulegea. Kwa hiyo simbilisi anayelishwa nyasi kavu na peleti kuukuu anaweza kuwa na magego yaliyosagika vizuri lakini yanatikisika. Hapa Kakamega ina neema. Mapera yanaota yenyewe kila pembe, na pera lina vitamini C kuliko chungwa mara kadhaa. Robo ya pera dogo kwa siku inatosha, si zaidi, kwa ajili ya ile sukari. Jani la sukuma wiki lililochumwa leo ni zuri, pilipili hoho pia. Jani lililolala sokoni juani siku mbili limeshapoteza sehemu kubwa ya faida yake. Pwani mapera tunayo, na hoho zipo, hatuna udhuru.

Kipimo cha chakula, kwa ufupi: nyasi ziwepo mchana na usiku bila kukatika, majani mabichi kiasi cha konzi, tunda kidogo, peleti kijiko ama viwili. Nepia ikatwe vipande kwa sababu majani yake makubwa yana makali na vinyweleo. Majani ya viazi vitamu hupendwa sana huku na hayana shida. Lakini usiguse majani ya parachichi, matunda yake wala ganda lake. Kakamega mti wa parachichi uko kila ua na watoto hudhani kinachofaa mtu kinafaa mnyama. Huyu hudhurika moyo. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, ya nyanya na viazi ulaya pia, na ule mlantana wa ua wenye maua ya rangi mbili usikaribie kizimba. Kwetu Pwani ongeza mwoleanda uliopandwa mbele ya nyumba kwa uzuri wake. Jani lake dogo linatosha kuua.

Nyasi zilizolowa zikirundikwa huchacha na kupata joto, na tumbo la sungura likifura ni hatari ya saa chache. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, basi zikatwe asubuhi umande ukishapanda, zitandazwe chini ya mabati zinyauke kidogo. Pwani taabu yetu ni kinyume. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, nyasi hukauka zikawa vumbi. Anayefuga inampasa akate baada ya masika, azianike zikiwa bado na rangi ya kijani, aziweke kwenye gunia linalopitisha hewa. Au anunue robota la nyasi za Rhodes zinazouzwa kwa wenye ng'ombe wa maziwa. Robota moja kwa sungura wawili ni la muda mrefu. Likinuka ukungu, lirudishe.

Nije kwenye kuguguna, ambako ndiko ugomvi wa nyumbani unakoanzia. Mwanamke mmoja wa Kisauni aliniambia sungura wa wanawe ameshamaliza waya za chaja tatu na ukingo wa mkeka wa ukili alioletewa kutoka Lamu. Akauliza nimfundisheje aache. Haachi. Kuguguna kwake ni kama kupepesa macho kwetu, na ukimpiga atakuogopa wewe na waya ataendelea nao. Linalowezekana ni kumpa cha halali na kumwondolea cha haramu. Tawi la mpera lenye gamba ndilo ninalopendekeza kwanza, huku na Pwani. Kuna boksi la karatasi ngumu lisilo na gundi ya plastiki wala pini. Kuna kikapu kuukuu cha ukili ambacho hakikutiwa rangi, ukijaze nyasi ndani, atashughulika nacho asubuhi nzima. Mbao za fundi ziangaliwe sana: huku watu hupaka oili chafu au dawa ya mchwa, na mbao hizo ni sumu hata zikikauka. Iliyopakwa rangi vile vile.

Waya wa stima upitishwe ndani ya paipu, au upasue mpira wa maji kwa urefu uuvishe. Kupaka pilipili nimeona wakijaribu. Wapo sungura wanaoilamba. Na mnyama asiachwe chumbani peke yake penye waya, kwa maana hapo si mkeka tena, ni moto wa nyumba.

Kuguguna waya za kizimba ni jambo jingine. Ukisikia usiku kucha mlio wa meno kwenye chuma, huyo hanoi meno. Amechoshwa, au ana njaa ya nyasi, au yuko peke yake. Chuma huvunja jino na kulipindisha, na jino lililopinda halikutani na mwenzake, likaanza safari ya kukua bila kizuizi. Simbilisi huishi kwa kundi, kumfuga mmoja ni kumfunga jela. Panua kizimba, mtafutie mwenzake wa jinsia moja, tundika nyasi mahali pa kuzifikia kwa kujinyoosha. Mlio hupungua. Sisi ndio tuliomfungia, hawezi kwenda kujitafutia, na hilo katika dini yetu lina hesabu yake.

Wenye hamsta na panya weupe niwatoe wasiwasi: kwa kuwa magego yao hayakui, kijiti na punje ngumu zinawatosha, angalieni yale manne tu. Ni hivyo hivyo kwa panya buku wanaofunzwa kunusa mabomu kule Morogoro, Tanzania, wale ndugu wa Magawa aliyepewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Kuna sungura wanaozaliwa na kasoro, taya la juu fupi, meno ya mbele yakapishana tangu utotoni. Hutokea zaidi kwa wale wadogo wa uso bapa ambao watu huwanunua kwa sababu ya sura. Nyasi haziwezi kunyoosha taya. Hao huchongwa kila baada ya wiki chache au hung'olewa yale ya mbele kabisa, na sungura huishi vizuri bila hayo akikatiwa chakula. Ila asizalishwe, maana watoto hurithi. Muuzaji anapokupa kifaranga cha sungura, mfunue midomo palepale kabla pesa hazijatoka mfukoni. Meno ya juu yawe mbele kidogo ya yale ya chini.

Kila wiki, siku moja, muweke kwenye mizani ya jikoni ndani ya bakuli na uandike uzito kwenye daftari. Mwachieni mtoto kazi hiyo, ataipenda. Manyoya hudanganya macho, mizani haidanganyi. Akipungua sehemu moja ya kumi, usingoje dalili nyingine. Dalili zenyewe ni hizi nilizozoea kuziona: kidevu kulowa, kuchagua laini na kuacha nyasi, chakula kudondoka mdomoni nusu kimetafunwa, kinyesi kuwa punje ndogo kavu, jicho moja kutoa machozi (mzizi wa jino hubana mfereji wa machozi), uvimbe chini ya taya.

Akikaa nusu siku bila kula kitu chochote, hiyo ni dharura, kwa sababu tumbo la wanyama hawa likisimama haliamki kwa urahisi. Wakati unatafuta daktari, loweka peleti kwenye maji ya uvuguvugu ziwe uji, mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiliingizia ubavuni kwenye lile pengo nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, ukingoja ameze. Simbilisi mchanganyie maji ya pera. Usimpe maziwa, usimpe uji wa sukari, na usimlaze chali asije akapaliwa.